Mgeni Katika Baraza la Dini

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Unguja

Natumai kila mmoja amepata pa kukaa, anasikia vizuri, na kitabu chake kimefunguliwa kwenye somo hili. Walio karibu na mlango wasogee ndani, kwani mara nyingi wanaochelewa hushindwa kuingia kwa sababu waliotangulia wamekaa mlangoni. Neno hili nalisema kwa ajili ya darasa lenu, lakini mtaona kwamba ndilo somo lenyewe.

Leo hatuna herufi mpya wala hesabu. Tutazungumza juu ya mazungumzo ya dini, na khasa juu ya mtu anayetaka kuingia katika mazungumzo hayo kwa mara ya kwanza. Nakusudia darsa za misikitini. Nakusudia mabaraza ya Mji Mkongwe na ya Ng'ambo, ambako watu hushindana kwa hoja mpaka kahawa ikapoa. Nakusudia pia vikao ambavyo Waislamu na Wakristo hukaa pamoja wakaulizana mambo ya imani zao.

Labda utauliza: jambo hili na kisomo vinahusiana nini? Nitakwambia. Kila ninapotembelea madarasa, mjini na shamba, huwauliza wanafunzi wanataka kusoma ili wafanye nini. Wako wanaotaka kusoma barua na karatasi zao wenyewe, bila ya kumpa mtu mwengine azisome na kujua siri zao. Wako akina mama wa Paje na Jambiani wanaolima mwani, wao hutaka kujua hesabu ya kilo zao mbele ya mnunuzi. Na wengi sana husema: nataka kuifahamu dini yangu. Nikiwauliza kama wanakwenda darsa, husema ndiyo. Nikiwauliza kama wamewahi kuuliza suala huko, hunyamaza kwanza, kisha husema: naogopa.

Bibi mmoja wa darasa la shamba aliniambia hivi: "Mimi hukaa nyuma ya pazia, nasikia sauti ya sheikh tu. Nina suala langu mwaka wa nne huu. Sijaliuliza." Nilimwomba aniambie suala lenyewe. Alikuwa amezaa watoto watatu kwa kufuatana, na kila Ramadhani ilimkuta ama ana mimba ama ananyonyesha. Siku zilizompita zimekuwa nyingi. Hakujua kama alipe funga peke yake, au alipe funga na chakula pia, yaani kibaba kwa kila siku. Basi miaka minne alikuwa akikisia. Mwaka mmoja alifunga siku nyingi mpaka akaugua. Mwaka wa pili hakufunga hata siku moja. Na wakati wote huo, kila wiki, alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka kwa mtu anayelijua jibu.

Ni nini kilichomzuia? Siku moja mwanamke mwenziwe aliuliza suala kwa sauti. Neno moja la Kiarabu alilitamka vibaya, na watu wa mbele wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, alivyosema yeye mwenyewe. Lakini yule aliyechekwa hakurudi tena, na huyu aliyesikia kicheko hakufungua mdomo kwa miaka minne.

Mimi si mwanachuoni, kwa hivyo sikumjibu suala lake. Lakini nilirudi mjini nikiwa na suala langu mwenyewe: katika mazungumzo ya dini, nani mwenye kazi ya kufungua mlango? Jee, ni yule anayebisha hodi, au ni wale waliokwisha kukaa ndani?

Kwanza tutazame darsa yenyewe ilivyo, kwa wale ambao hawajawahi kuingia. Baada ya sala ya Magharibi watu hukaa juu ya jamvi au zulia, wakafanya nusu duara. Mbele yao hukaa sheikh, na pembeni yake yuko mtu anayesoma kitabu cha Kiarabu. Msomaji husoma mstari, akasimama, sheikh huueleza kwa Kiswahili, msomaji akaendelea. Mara mtu huuliza. Hapo ndipo panaponoga, kwa sababu suala moja huzaa jingine. Mmoja husema, kwa Imamu Shafi ni hivi. Mwengine husema, lakini Maibadhi wana kauli nyingine. Mwadhini akiadhini Isha, kitabu hufungwa, na maneno yanakatikia hapo hapo mpaka kesho. Katika mwezi wa Ramadhani darsa nyingi huwa baada ya sala ya Alasiri, na watu huwa wengi zaidi.

Desturi hii si ya jana. Sayyid Ahmed bin Sumeit na rafiki yake Sheikh Abdalla Bakathir walisomesha hapa Unguja kwa miaka mingi, na wote wawili walifariki mwaka mmoja, mwaka 1925. Chuo cha Sheikh Bakathir kilikuwa Ukutani, katika Mji Mkongwe. Sasa sikilizeni jambo ambalo watu husahau. Sayyid Ahmed alizaliwa Ngazija. Sheikh Bakathir alizaliwa Lamu. Sheikh Abdulaziz al-Amawy, aliyewatangulia wote wawili na aliyekuwa kadhi hapa, alizaliwa Barawa katika pwani ya Somalia. Mabwana hawa ambao leo tunawaita wanavyuoni wa Unguja walikuja Unguja wageni. Kila mmoja alikuwa na siku yake ya kwanza ya kukaa kwenye jamvi ambalo hakuna aliyemjua.

Na ukivuka bahari kidogo ukafika Bagamoyo, utasikia khabari za Sheikh Yahya bin Abdalla, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya. Huyu aliletwa pwani akiwa mtoto, mtumwa, kutoka upande wa Kongo. Hakuwa na ukoo wa kumtetea wala jina la baba wa kutajwa barazani. Alisoma, akasomesha, akawa mkuu wa tarika ya Kadiria pale Bagamoyo, na mpaka alipofariki mwaka 1931 watu walikuwa wakimwendea kutoka mbali. Fikirini: kama siku ile alipotaka kukaa na wanafunzi mtu mmoja angelimwambia "wewe mtumwa unataka nini hapa," akaona haya akaondoka, Bagamoyo ingelikosa nini?

(Hapa mwalimu asimamishe somo kidogo. Wanafunzi waseme: nani kati yenu amewahi kutaka kuuliza jambo mbele ya watu akanyamaza? Ni khofu ya nini?)

Tuendelee. Khofu hizo nimezisikia katika madarasa mengi, na zinafanana. Watu huogopa kutamka vibaya. Huogopa kwamba suala lao ni la kitoto. Na wengi hapa mjini huogopa kuulizwa, kabla hata hawajakaa, "Wewe dhehebu gani?"

Suala hili la dhehebu lataka maneno kidogo. Mji wetu ni mdogo, lakini dini ndani yake ni nyingi. Kuna Masuni wanaofuata Shafi, na wengine Hanafi. Kuna Maibadhi. Kuna Mashia Ithnaashari, Mabohora na Maismailia. Kuna Wakatoliki wa Minara Miwili na Waanglikana wa Mkunazini. Kuna Mahindu. Kuuliza mtu anafuata njia gani si dhambi. Lakini likiwa ndilo neno la kwanza, mgeni huona anapimwa kabla hajapewa pa kukaa. Nimeona mtu akisali ameachia mikono chini, kama wasalivyo Maibadhi, na alipotoa salamu akakuta macho matatu manne yanamtazama. Hakuna aliyemwambia neno. Lakini macho nayo husema, na yeye aliyafahamu, akachukua viatu vyake akaenda zake wakati darsa ndiyo kwanza inaanza.

Kwa Waislamu jambo hili lina mfano mkubwa. Alikuwako mtu mmoja, Muawiya bin Hakam, aliyekuwa mgeni katika Uislamu. Siku moja alisali nyuma ya Mtume. Mtu mmoja akapiga chafya, na Muawiya, kwa adabu yake, akamwombea rehema hapo hapo katikati ya sala. Watu wakamkodolea macho. Naye akashangaa, akasema maneno mengine tena, na wao wakajipiga mapajani ili anyamaze. Masikini, kila alilofanya lilizidi kumharibikia. Sala ilipokwisha, Mtume hakumkaripia, hakumpiga, hakumtukana. Alimweleza tu kwamba katika sala hayafai maneno ya kawaida. Lakini mimi hupenda zaidi sehemu inayofuata, ambayo wengi hawaitaji. Muawiya alipoona amefundishwa kwa upole, aliuliza suala jingine, na jingine, na jingine. Aliuliza mpaka mambo ya waganga na ndege ya mbaya, ambayo bila shaka alikuwa akiyaona haya. Upole mmoja ulimfungua kinywa.

Tena iko sura nzima katika Kurani iitwayo Mujadila. Jina hilo latokana na mwanamke aliyejadiliana na Mtume. Jina lake Khawla binti Thaalaba. Alikuja kushtaki neno baya aliloambiwa na mumewe, akalishikilia shauri lake, na shauri lake likasikilizwa. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 11, waumini wanaamrishwa wakunjue nafasi katika vikao wanapoambiwa wafanye hivyo. Mimi sioni ajabu kwamba mambo hayo mawili yamekaa katika sura moja.

Na kwa Wakristo walio katika madarasa yetu, someni Injili ya Yohana, mlango wa tatu. Nikodemo alikuwa mkubwa wa watu na mwalimu, lakini alipotaka kumwuliza Yesu alikwenda usiku. Mtu mzima, msomi, anakwenda usiku! Basi msidhani khofu hii ni ya wasiojua kusoma peke yao. Naye alichukuliwa kama alivyo, hakuambiwa arudi mchana. Baadaye, katika mlango wa saba, Nikodemo yule yule alifungua kinywa mbele ya wakubwa wenziwe akataka haki itendeke.

Sasa nataka niwape khabari ya hapa hapa nyumbani, ya watu wawili waliokhitalifiana kabisa katika dini. Nilikwisha kumtaja Sheikh Abdulaziz al-Amawy. Wa pili ni Edward Steere, Mwingereza wa misheni ya Kianglikana, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na Steere ndiye aliyejenga kanisa kubwa mahali pale. Sheikh na Mzungu huyu walijadiliana juu ya dini zao. Hakuna aliyemfuata mwenziwe: Sheikh alifariki mwaka 1896 akiwa Mwislamu na kadhi mashuhuri, na Steere alifariki mwaka 1882 akazikwa katika kanisa lake.

Lakini Steere alipoandika kitabu chake cha kufundisha lugha ya Kiswahili, kilichotoka mwaka 1870, alimshukuru Sheikh Abdulaziz ndani yake. Sheikh alikuwa amejitolea mwenyewe kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kizuri na safi. Kazi ile haikufika mbali. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi. Tena Steere aliona kwamba Kiswahili cha Sheikh kilikuwa cha kitaalamu mno kwa watu wa kawaida.

Khabari hii ninaipenda kwa sababu mbili. Watu wawili wanaopingana katika jambo kubwa kuliko yote waliweza kusaidiana katika kazi ya lugha, na hakuna aliyeona kwamba amepungukiwa na imani yake. Hilo ni moja. Na la pili ni hilo la lugha ya kitaalamu. Hata mwanachuoni mwenye nia njema anaweza kufunga mlango kwa maneno yake bila ya kukusudia. Kwenye baraza zetu utasikia "dalili," utasikia "ikhtilafu," utasikia "munadhara," na mgeni hukaa akitikisa kichwa kama anafahamu. Basi niwaelezeni leo. Hoja ni neno la kumthibitishia mtu jambo. Dalili ni ushahidi wa hoja, kama vile aya au hadithi. Ikhtilafu ni tafauti ya kauli baina ya wanavyuoni. Munadhara ni mjadala, na asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kutazama: watu wawili wanalitazama jambo moja pamoja, kila mmoja kwa upande wake. Si ugomvi. Wanaogombana hawalitazami jambo, wanatazamana wao.

Mambo haya ya lugha yalitengenezwa na watu wa hapa petu pia. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912 na aliyekuwa mwalimu wa skuli kabla hajawa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliifasiri Kurani yote kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo ilitoka kamili mwaka 1969. Kabla yake ilikuwako ya mwaka 1923 ya padri Godfrey Dale wa misheni ya hapa Unguja, na ya mwaka 1953 ya Waahmadia. Tafsiri hizi zina maelezo chini ya kurasa, na humo ndani watu wanajibizana. Huo ni mjadala wa dini wa miaka mingi, umeandikwa kwa Kiswahili, na anayejua kusoma anaweza kuingia humo akiwa nyumbani kwake, bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Lakini kitabu hakikukaribishi kahawa. Turudi barazani. Nimeandika mazungumzo mafupi. Wanafunzi watatu wasimame wayasome kwa sauti, mmoja awe mgeni, mmoja mzee wa baraza, na wa tatu mmoja wa waliokaa.

MGENI: Assalaam alaykum.

WOTE: Wa alaykum salaam.

MGENI: Shikamoo, mzee.

MZEE: Marhaba, mwanangu. Karibu, kaa hapa karibu yangu. Nyinyi sogeeni huko. Kahawa imebaki katika mdila?

MGENI: Ahsante, mzee. Nilikuwa napita tu.

MZEE: Hata anayepita hukaa. Sisi tunazungumza juu ya mwezi. Huyu bwana anasema mwezi ukionekana pahala popote duniani, watu wote wafunge. Yule anasema mpaka uonekane kwetu. Wanabishana tangu Alasiri, na wote wawili wana dalili zao.

MGENI: Lakini mimi sijui Kiarabu.

MZEE: Mwezi nao haujui. Sikiliza tu. Ukitaka kusema, utasema.

MMOJA WA WALIOKAA: Wewe unatoka wapi, ndugu yangu?

MGENI: Nungwi. Mvuvi.

MMOJA WA WALIOKAA: Basi wewe ndiye tunayekutaka! Hebu tuambie, mwezi mwandamo unakaa muda gani baada ya jua kutua, ukiutazama kutoka baharini?

Ahsanteni. Kaeni. Tazameni alivyofanya yule mzee. Alimpa pa kukaa, tena karibu yake, si pembeni. Alimwambia wamefika wapi katika maneno yao, maana mgeni anayekuta mazungumzo katikati ni kama mtu aliyepanda daladala asiyojua inakwenda wapi. Hakumwambia nani mwenye haki. Alisema wote wawili wana dalili zao, akamwachia akili yake. Hakumlazimisha kusema. Na yule wa tatu alifanya jambo zuri kuliko yote: hakumwuliza mgeni dhehebu lake, alimwuliza jambo analolijua. Mvuvi wa Nungwi anaujua mwezi kuliko watu wengi wa mjini waliousoma vitabuni. Aliingia barazani mgeni, na kwa suala moja akawa na fungu lake katika mazungumzo.

Wako watu wengine, na mimi naona hao huharibu mabaraza kuliko hata wagomvi, ambao wakimwona mgeni hufurahi kupita kiasi. Humkamata mkono. Humpa vitabu vitano. Humweleza makosa ya madhehebu yote mengine, na siku hiyo hiyo wanataka wajue kama amekubali. Mgeni kama huyo hutoka na vitabu vitano na asirudi, tena huwa anapita njia nyingine ili asikutane nao. Mwacheni mtu akae. Akirudi mara ya pili, mkumbukeni jina lake. Hilo litamfurahisha kuliko vitabu.

Nimetaja vikao vya Waislamu na Wakristo. Huko kazi ya mwenyeji ni kubwa zaidi, na sababu yake haifai kufichwa. Novemba 2012 sheikh mmoja alimwagiwa tindikali hapa mjini, na Februari 2013 padri mmoja alipigwa risasi akafa. Watu wa dini zote mbili walihuzunika, na watu wa dini zote mbili waliingia khofu. Mkristo anayealikwa leo kwenye mazungumzo ya dini hapa Unguja, ambako Waislamu ndio wengi sana, huja na kumbukumbu hiyo moyoni hata kama haitaji. Kwa hivyo aambiwe mapema kikao ni cha nini, kitakwisha saa ngapi, na kwamba hakuna atakayetukana kitabu cha mwenziwe. Mwenyekiti awe mtu anayeweza kumnyamazisha hata ndugu yake. Kama hapana mtu wa namna hiyo, afadhali kikao kisiwepo.

Na mgeni naye ana kazi yake, ijapokuwa ni ndogo. Afike mapema, akae pahala anapoweza kusikia. Asikilize siku mbili tatu ajue watu wanasemaje na nani huanza. Asione haya kusema "sijui." Maneno yakiwa moto na moyo wake ukaanza kuchafuka, aombe ruhusa aondoke kwa salamu, ili kesho aweze kurudi. Na akitaka kuuliza, aulize suala moja, lililo fupi.

Hapo ndipo kisomo kinapoingia. Katika darsa nyingi za hapa, khasa za Ramadhani, watu huandika masuala yao katika vikaratasi, na vikaratasi hupelekwa mbele kwa sheikh. Kwa wanawake walio nyuma ya pazia, mara nyingi hiyo ndiyo njia yao ya kuuliza. Asiyejua kuandika hana budi kumwambia mwengine amwandikie, na suala lenye siri ya nyumba huwezi kumwambia kila mtu.

Yule bibi wa shamba niliyewatajia alisoma miezi tisa katika darasa letu. Ramadhani iliyofuata aliandika kwa penseli, kwa mkono wake: "Nina deni la funga la miaka 3, nilikuwa ninanyonyesha. Nilipe vipi?" Hakutia jina. Kikaratasi kilipita mkono kwa mkono mpaka mbele. Sheikh alikisoma kwa sauti, akalieleza jibu kwa urefu, akataja na ikhtilafu ya madhehebu juu ya chakula kile cha kibaba. Hakuna aliyecheka. Kabla hajamaliza, vikaratasi vingine vitatu vilikuwa vimefika kutoka nyuma ya pazia, na viwili kati yao vilikuwa juu ya jambo lile lile. Nilimwuliza bibi yule kama ameridhika na jibu. Akasema ameanza kulipa, siku mbili kila wiki, Jumatatu na Alkhamisi, na kwamba suala lake la pili amekwisha kuliandika.

Sasa kazi ya leo. Chukueni penseli na kipande cha karatasi. Kila mmoja aandike suala moja juu ya dini yake ambalo siku zote alitaka kuliuliza. Liwe sentensi moja au mbili. Msitie majina, na mwalimu asiyakusanye. Karatasi ni yako, utaipeleka unakotaka. Asiyeweza bado kuandika neno fulani amwulize mwalimu neno hilo peke yake, si suala lote. Kisha, upande wa pili wa karatasi, aandike jina la mtu mmoja wa mtaani kwake au kijijini kwake ambaye hukaa nyuma, au husimama mlangoni, wala hasemi.

Wiki ijayo, siku na saa kama hizi, tutasoma stakabadhi ya malipo: wapi pa kutazama tarehe, wapi pa kutazama jumla, na wapi pa kutia sahihi. Anayeweza aje na stakabadhi yoyote ya nyumbani kwake. Kwaherini.